Swali la Watumwa: Ngano, Magugu na Maana ya Ufalme katika Bonde la Ufa

Mifano ya Yesu kuhusu Ufalme wa Mungu imezoeleka madarasani mwetu kuwa ni hadithi fupi za kidunia zenye maana ya mbinguni. Fasili hii ni rahisi kukariri, na huenda ndiyo sababu imedumu. Udhaifu wake ni kwamba humfanya msomaji aivuke hadithi haraka, mithili ya mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe, ili afike ng'ambo ambako maana inadhaniwa kumngoja. Makala haya yanakusudia kukaa ndani ya hadithi moja tu, nayo ni ule mfano wa ngano na magugu ulio katika sura ya 13 ya Injili ya Mathayo, na kuuliza unasema nini juu ya Ufalme unaposomwa Nakuru: mji uliopakana na mashamba ya ngano, katika eneo ambalo wakazi wake wamewahi kuambiwa hadharani kwamba baadhi yao ni kwekwe. Swali letu ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani, ingawa msomaji ataona kwamba haliwezi kujibiwa bila fani kushughulikiwa. Ni nani aliyepewa mamlaka ya kupalilia watu?

Hadithi yenyewe inafahamika, nasi tutaikumbusha kwa maneno yetu. Mwenye nyumba anapanda mbegu njema shambani mwake. Usiku, watu wakiwa wamelala, adui yake anakuja, anapanda magugu katikati ya ngano, kisha anakwenda zake. Mimea inapotoa masuke, magugu yanaonekana. Watumwa wanamwendea bwana wao na maswali mawili. La kwanza ni magugu yametoka wapi ilhali mbegu ilikuwa njema. La pili ni kama anataka waende wakayang'oe. Swali la kwanza analijibu kwa sentensi moja: ni kazi ya adui. Ombi lililo katika swali la pili analikataa, kwa hofu kwamba wakiyang'oa magugu wataing'oa na ngano. Viachwe vikue pamoja hadi mavuno, na hapo wavunaji ndio watakaoagizwa kutenganisha.

Kiswahili kinaliongezea simulizi hili jambo ambalo halimo katika Kigiriki cha Mathayo. Kwetu neno "ngano" ni nafaka, tena ni hadithi ya mapokeo. Hatudai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Tunachosema ni kwamba mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kuusikia mfano huu bila kujiuliza kama ndani ya ngano ile ya pili, yaani hadithi, nako kuna kilichopandwa baadaye. Tutalirudia suala hilo. Neno "mfano" nalo lina matatizo yake, kwa kuwa humfanya msikilizaji atarajie kielelezo cha kulainisha fundisho gumu. Lakini utanzu wa Kiebrania uitwao mashal, ambao ndio mama wa mifano hii, ulijumuisha methali, kitendawili na fumbo kwa pamoja. Mzee wa Kiswahili anapofumba hamrahisishii mtu kazi, anampima. Sura ya 13 ya Mathayo inasomeka vyema zaidi tukiichukulia kuwa mkusanyiko wa mafumbo, na fumbo la magugu ndilo gumu kuliko yote humo. Chachu, lulu na hazina iliyofichika haziwasumbui wasomaji wengi. Chembe ya haradali imegeuka pambo la hotuba za harambee.

Neno linalohitaji uzito zaidi ni "ufalme". Katika sarufi yetu kiambishi u- hubeba maana mbili: hali ya kuwa mfalme, na eneo analolitawala mfalme huyo. Neno la Kigiriki basileia hubeba zote mbili vilevile, na sehemu kubwa ya ubishi wa wanateolojia wa karne ya 20 ulihusu ni ipi kati ya hizo iliyokusudiwa. C. H. Dodd, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya mifano ya Ufalme, alishikilia kwamba Yesu alizungumzia utawala ambao tayari ulikuwa umefika. Wengine waliuona kama jambo lijalo. Mjadala huo ni muhimu, lakini msikilizaji wa Nakuru ana swali linalotangulia. Yeye aliufahamu ufalme gani?

Jamii zilizolikalia au kulitumia Bonde la Ufa la kati, yaani Wamaasai, Wakalenjin na Wakikuyu waliokuja kwa wingi kama maskwota wa mashamba ya walowezi, hazikuwa na wafalme. Zilikuwa na mabaraza ya wazee, marika, na watu wenye karama ya uganga na utabiri kama laiboni na orkoiyot. Mfalme aliingia katika maisha ya wenyeji hawa akiwa na sura ya Mwingereza. Picha yake ilikuwa kwenye sarafu, na askari wake walikuwa wa jeshi la King's African Rifles, ambalo watu walilifupisha kwa jina la keya. Zaidi ya yote, ardhi ilikuwa yake: sheria za mwaka 1902 na 1915 ziliiweka ardhi chini ya Taji la Uingereza, na Taji likaigawa. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903 kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka uliofuata Wamaasai walihamishwa kutoka malisho yao ya Naivasha na Nakuru kwa mkataba wa 1904, na baadhi yao, waliopelekwa Laikipia, wakahamishwa tena kufuatia mkataba wa 1911. Kwa maneno mengine, shamba ambalo leo watu hubishana ni nani ngano na ni nani magugu ndani yake lilikwisha kupaliliwa kwanza na ufalme.

Kumbukumbu hiyo haina budi kutuzuia tusimfanye "mwenye nyumba" wa mfano huu kuwa Mungu kwa wepesi mno. Nakuru wenye nyumba walikuwa na anwani. Waliishi Milimani, kwenye mteremko wa Menengai, ambako hewa ni safi na ziwa huonekana lote kwa mbali. Waafrika walikuwa na mtaa wao chini, ambao jina lake, Bondeni, halihitaji ufafanuzi. Msomaji anayefuata mkondo wa William Herzog, aliyeandika mwaka 1994 kwamba mifano mingi huonyesha ukandamizaji wa kiuchumi kuliko inavyoonyesha neema ya Mungu, angesema papa hapa kwamba tumekwisha kupata maana: huyu ni bwana mkubwa, mwenye watumwa, mwenye maadui kutokana na ukubwa wake, na Ufalme haufanani naye hata kidogo. Usomaji huu una nguvu katika mfano wa talanta, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliupata mapema kuliko Herzog. Katika Shetani Msalabani, riwaya iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982, mfano wa talanta unageuzwa kuwa katiba ya karamu ya wezi. Lakini katika mfano wa magugu usomaji huo unaacha jambo la msingi bila kuguswa. Ukali unaotamaniwa mle shambani unatoka kwa watumwa, na anayeuzuia ni bwana. Hadithi ya ukandamizaji wa kawaida ingeenda kinyume.

Hebu tuwaangalie hao watumwa. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 inawaita hivyo bila kusita, ilhali tafsiri za baadaye zimependelea "watumishi". Tunaelewa sababu. Edward Steere alilitafsiri Agano Jipya Unguja, katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na neno hilo lilikuwa na jeraha bichi. Hata hivyo "mtumwa" lina hazina ambayo "mtumishi" hana. Ni jina litokanalo na kutenda-wa kwa kitenzi "tuma": mtumwa ni yule anayetumwa. Kutoka mzizi huohuo tunampata mtume. Sasa tutazame tena swali la pili la hadithi. Watu ambao jina lao ni "wanaotumwa" wanakuja kwa bwana wao kuomba watumwe, na bwana anakataa kuwatuma. Hapa ndipo lilipo fundo la fumbo. Kazi wanayoiomba ni kazi ya shamba, tena ya kawaida. Hakuna mkulima anayeajiri vibarua kisha akawazuia kupalilia. Msikilizaji wa kwanza, ambaye alikuwa mkulima, lazima alishtuka.

Wataalamu wa mimea wamejaribu kuupunguza mshtuko huo. Magugu yanayotajwa yanadhaniwa kuwa nyasi ya jamii ya Lolium, ambayo hufanana na ngano hadi inapotoa suke, na ambayo punje zake huwa na sumu kwa sababu ya kuvu iishiyo ndani yake. Mizizi yake hufumana na ya ngano. Sheria za Kirumi nazo zilitaja kosa la mtu kupanda nyasi hiyo katika shamba la mwenziwe, kwa hiyo hila ya adui haikuwa ya kubuniwa tu. Haya yote ni ya kweli na yanafaa kujulikana. Lakini hayaondoi ugeni wa jibu, kwa sababu hadithi inatuambia kwamba magugu yamekwisha kuonekana. Watumwa hawajakosea utambuzi wao, na bwana hawaambii kwamba wamekosea. Anachokitilia shaka ni mikono yao.

Mathayo ametupa pia ufafanuzi. Umati unapoagwa, Yesu anaingia nyumbani na wanafunzi wanamwomba afumbue. Anawapa orodha ya visawe saba: mpanzi, shamba, mbegu njema, magugu, adui, mavuno na wavunaji, kila kimoja na maana yake. Shamba ni ulimwengu, magugu ni wana wa yule mwovu, wavunaji ni malaika. Msomaji mwangalifu atahesabu na kugundua kwamba kuna kundi ambalo halikupewa kisawe. Watumwa hawamo. Mazungumzo yao na bwana, ambayo ndiyo sehemu pekee ya mfano yenye kauli za wahusika na ambayo hadithi yote inaielekea, yametoweka, na mahali pake pamejaa tanuru la moto na wenye haki wanaong'aa kama jua. Joachim Jeremias, akiandika mwaka 1947, aliliona pengo hili. Yeye na wengine waliomfuata Adolf Jülicher, ambaye kazi yake juu ya mifano ilianza kutoka mwaka 1888, walihitimisha kwamba ufafanuzi uliongezwa baadaye na kanisa au na Mathayo mwenyewe. Walitaja pia Injili ya Tomaso, iliyopatikana Nag Hammadi nchini Misri mwaka 1945, ambayo ina mfano huu bila ufafanuzi. Kwa lugha yetu: ufafanuzi ni magugu yaliyopandwa usiku katikati ya ngano.

Hoja hiyo ni ya kitaalamu nasi hatuna haja ya kuipinga. Ila kuna kichekesho ndani yake. Jülicher anapousikia mfano unaokataza kung'oa, anachofanya kwanza ni kung'oa. Sisi tungependelea kuviacha vyote viwili vikue katika matini, kwa sababu ni pale tunapovisoma pamoja ndipo pengo la watumwa linapoonekana. Mtu akisoma mfano peke yake hatajua kwamba watumwa wangeweza kusahauliwa. Akisoma ufafanuzi peke yake, na wahubiri wengi ndio wanaousoma, atabaki na dunia yenye aina mbili za watu zilizotofautiana tangu mbegu, na moto mwishoni. Dunia ya namna hiyo ni hatari mikononi mwa mtu mwenye panga.

Historia ya fasiri inatuonyesha hatari hiyo ilivyofanya kazi. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliutumia mfano huu dhidi ya Wadonato, waliotaka kanisa la watakatifu watupu: shamba ni ulimwengu, alidai, na magugu yatakuwemo hadi mwisho. Lakini aliacha mlango wazi. Pale ambapo uovu wa mtu unajulikana na wote na hakuna hofu ya kung'oa ngano, adhabu kali yaweza kutumika. Karne nane baadaye Tomaso wa Akwino alipitia mlango huohuo kuhalalisha kuuawa kwa wazushi. Roger Williams aliufunga tena mwaka 1644, alipoutumia mfano huu kutetea uhuru wa dhamiri dhidi ya serikali za Kikristo za zama zake. Tukiacha tofauti zao nyingine, kinachotushughulisha ni sura ya ule msamaha wa Agostino. Amri inasema msing'oe, msije mkakosea. Msamaha unajibu: lakini hawa tunawajua. Na hakuna mpaliliaji wa watu, popote, aliyewahi kusema kwamba hawajui.

Turudi shambani, na tulitazame shamba la Njoro kwa macho ya kawaida. Ngano si mmea wa asili ya hapa. Ililetwa na walowezi, na mazao ya mwanzo ya Delamere yaliharibiwa na ugonjwa wa kutu hata akalazimika kugharimia utafiti wa mbegu kwa fedha zake. Kituo cha uzalishaji wa mbegu kilianzishwa Njoro mwaka 1927, na tangu mwaka 2005 watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakileta mbegu zao papo hapo kupimwa dhidi ya kutu iitwayo Ug99, iliyotambuliwa kwanza Uganda. Upimaji huo una utaratibu unaovutia mtu anayesoma Mathayo: ugonjwa huachiwa kwa makusudi uingie shambani, mimea yote ikae pamoja nao, na ni muda ndio unaobainisha upi ulikuwa na kinga na upi haukuwa nayo. Mbegu mkononi haisemi lolote.

Katika shamba hili, basi, ngano ndiyo mgeni, na nyasi ndiyo mwenyeji. Jambo hilo lina uzito kwa sababu mfano wa Mathayo umepanga mambo kinyume: ngano ilitangulia na magugu yakafuata. Anayetaka kuutumia vibaya hahitaji kuupinda sana. Atasema kwamba waliotangulia ni ngano, na kwamba waliofuata, walionunua mashamba kupitia makampuni ya ardhi baada ya mwaka 1963, wamepandwa na adui usiku. Hiyo ndiyo mantiki ya "wenyeji na wageni" ambayo iliandamana na mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 huko Meteitei na kuenea mwaka 1992 hadi Molo na Olenguruone, yakarudi Njoro mwaka 1998, na yakafika ndani ya mji wa Nakuru Januari 2008. Msamiati wake ulikuwa wa usafi na wa kilimo: kuondoa madoadoa, kung'oa kwekwe. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki Aprili 2022, kabla ya uchaguzi wa mwaka huo, maneno hayo yote mawili yalikuwemo. "Kwekwe" ni neno ambalo mtoto wa Kenya hulijifunza katika bustani ya shule, akiwa na jembe mkononi. Nguvu yake inatokana na hilo. Haliamshi hasira, linaamsha mazoea. Mtu akishaitwa kwekwe, kumng'oa huonekana kuwa bidii ya kazi.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba pengo la watumwa katika ufafanuzi ni jambo la kimaadili. Watumwa wa mfano hawana chuki. Ni watu wa bidii, wanaolipenda shamba la bwana wao, na wanachoomba kimo ndani ya wajibu wao. Uovu wa adui ulifanyika usiku na kwa siri. Uharibifu ambao watumwa wangeufanya ungefanyika mchana, kwa nia njema na kwa jembe. Fumbo linawachukulia hawa kuwa tishio kubwa zaidi kwa ngano kuliko magugu yenyewe. Na Ufalme, kwa kadiri tunavyouelewa hapa, ni ile hali ambamo uwezo wa kutenga watu umeondolewa mikononi mwa wote waliomo shambani, wakiwemo waaminifu, na kukabidhiwa wavunaji ambao hawakuwamo. Ni mamlaka yanayojulikana kwa amri anayokataa kuitoa. Mtu aliyeufahamu ufalme kupitia keya na mikataba ya Wamaasai atauona ugeni wake bila kusaidiwa na mhubiri.

Lakini pingamizi kubwa bado halijajibiwa, na linatoka Bondeni, halitoki Milimani. Kuna familia za Molo zilizochomewa nyumba mwaka 1992, zikarudi, zikajenga, zikachomewa tena mwaka 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wakimbizi wa ndani walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, mahali ambapo katika miaka ya kawaida majaji hupita wakichagua ng'ombe bora na nafaka bora, nao wakaishi humo kwenye mahema kwa miezi mingi. Kuwaambia watu hawa kwamba viachwe vikue pamoja hadi mavuno ni kuwaambia nini? Je, si kuwaambia kwamba waliowachoma wataendelea kuwa majirani zao, na pengine wabunge wao, na kwamba haki imeahirishwa hadi mwisho wa dunia? Subira ni bidhaa rahisi kwa anayeihubiri kutoka mlimani.

Hatuwezi kulijibu pingamizi hili kwa kusema kwamba kusamehe ni kuzuri. Tunalijibu kwa kurudi kwenye maswali mawili ya watumwa, ambayo wahubiri huyachanganya kuwa moja. Swali la kwanza, magugu yametoka wapi, lilijibiwa papo hapo. Bwana hakusema tungoje mavuno ndipo tujue ni nani aliyefanya. Hakuwaambia watumwa wayaite magugu ngano kwa ajili ya amani ya shamba. Alitaja tendo na mtendaji. Kinachoahirishwa ni kung'oa. Kutaja hakuahirishwi hata kwa usiku mmoja. Tena kuna tofauti ya sarufi baina ya kutaja huko na kule kutenga. Jibu la bwana lina mtu mmoja na kitenzi: adui amefanya. Ombi la watumwa lina wingi na aina: magugu. Mahakama, ikiwa ni mahakama kweli, inafanya kazi ya jibu la kwanza. Inamshtaki mtu kwa alichokitenda. Mpaliliaji anafanya kazi ya ombi la pili. Anamhukumu mtu kwa mbegu aliyotoka. Hata ule ufafanuzi wa nyumbani, ambao tumeushutumu kwa kuwasahau watumwa, unapofika mwisho wake unawataja wanaotupwa nje kwa matendo yao ya maasi.

Kwa kipimo hicho kosa la Kenya halikuwa subira nyingi mno. Nchi ilitenda kinyume cha mfano kwa pande zote mbili: ilikuwa na haraka ya kung'oa na ikachelewa kutaja. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliwasilisha ripoti yake mwaka 1992, na Bunge halikuipitisha. Ripoti ya Tume ya Akiwumi ilikamilika mwaka 1999, ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Mei 2013. Kesi zilizofikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague zilikoma mwaka 2014 na 2016 bila mtu yeyote kupatikana na hatia ya yale yaliyotendeka. Walioutaja uovu kwa wakati wake walikuwa wachache. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Kikatoliki wa Nakuru kuanzia mwaka 1971 hadi 1996, alikuwa mmoja wao: aliyazungumza hadharani mapigano ya 1992 wakati ambapo serikali ilipendelea yaitwe ugomvi wa kikabila uliozuka wenyewe. Kanisa kuu lake limewekwa wakfu kwa jina la Kristo Mfalme, na katika miaka ile neno hilo la mwisho lilikuwa likihitaji maana.

Fasihi yetu imelichunguza kosa la utambuzi kwa undani kuliko mahubiri. Ngũgĩ aliipa riwaya yake ya mwaka 1967 jina la A Grain of Wheat, akirejelea Injili ya Yohana, lakini muundo wake umekaribia zaidi mfano wa Mathayo. Kijiji kizima kinajiandaa kwa sherehe za Uhuru za Desemba 1963, na ndani ya sherehe hizo umepangwa uvunaji mdogo: aliyemsaliti Kihika atafichuliwa mbele ya watu. Wapiganaji wanaamini kwamba ni Karanja, na wana kila sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa Karanja alikuwa mhomgadi na alitumikia wakoloni waziwazi. Mugo, ambaye wanataka awe msemaji wa siku hiyo, ndiye msaliti. Kama si yeye mwenyewe kusimama na kukiri, kijiji kingemng'oa mtu asiyehusika na tendo lile kikidhani kimetenda haki, na kingemvika shada aliyelitenda. Tuzingatie pia kwamba Karanja si ngano. Ana hatia zake nyingi. Riwaya haimtakasi, inaonyesha tu kwamba ubaya wake wa jumla usingefanya shtaka lile mahsusi liwe la kweli. Msamaha wa Agostino, lakini huyu tunamjua, ungemuua Karanja kwa kosa la mwingine.

Limebaki jambo moja ambalo mfano hauligusi. Bwana anapomaliza kusema, watumwa hawajibu. Hatuambiwi kama walikubali, wala walifanya nini kesho yake. Ngano ya Njoro huchukua miezi minne au mitano tangu kupandwa hadi kuvunwa, na masuke hutoka wakati muda mwingi umekwisha kupita; kwa hiyo watumwa walikuwa na wiki kadhaa za kupita kila asubuhi kati ya mistari, wakiyaona magugu na kuyajua kwa jina, majembe yao yakiwa yanalinda ndege na kusafisha mifereji. Mle shambani mvua ilinyesha juu ya vyote viwili. Juu ya wiki hizo Mathayo hana hata mstari mmoja. Simulizi linaruka hadi kwenye mavuno.